Kasuka Mbili za Mukakalisa

Wasifu wa marehemu Mukakalisa Domitila (1938–2003). Unasomwa na binti yake Mukundwa, Mururu, Jumamosi tarehe 14 Juni 2003.

Ndugu, majirani, na ninyi mliovuka daraja asubuhi hii kutoka Bukavu, tumewaona. Asanteni. Mimi ni Munyemana, mfua chuma, mume wa marehemu kwa miaka thelathini na tisa na miezi kumi. Sikusoma. Nimesema, Mukundwa ameandika, na yeye ndiye anayewasomea. Maneno yangu si mengi. Marehemu mwenyewe alilalamikia jambo hilo mpaka akazoea.

Mukakalisa Domitila alizaliwa Nkungu mwaka 1938, mtoto wa tatu kati ya watoto saba. Kadi ya ubatizo inasema tarehe 3 Aprili. Mama yake alisema alizaliwa wakati wa kuvuna maharage, na Nkungu maharage hayavunwi Aprili. Tumeacha mwaka peke yake. Alipoanza kushika vitu, alishika kwa mkono wa kushoto. Kijiko, jiwe, sikio la mbuzi. Kwetu mtu hampi mkubwa kitu kwa mkono huo, na mama yake alimchapa vidole, kisha akachoka. Baba yake alisema, mwacheni, dunia itamfundisha.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1947 hadi 1950, miaka mitatu. Sista aliyefundisha darasa lake alimfunga mkono wa kushoto kwenye benchi kwa kipande cha kitambaa, kila asubuhi, ili aandike kwa ule wa kulia. Alijifunza kusoma vizuri na kuandika vibaya. Alipotueleza habari hiyo hakuwa na hasira. Alisema tu, "Kitambaa kilikuwa safi." Mwaka wa nne hakurudi. Alibaki nyumbani kulima na kulea wadogo zake.

Mwaka 1960 nyumba yao ilichomwa, pamoja na nyumba nyingine mlimani kwao. Alivuka mpaka wa nchi na baba yake, wakafika Bukavu. Januari 1961 alipata kazi ya udobi kwa Mbelgiji mmoja, Bwana Vermeire, bwana shamba wa chai. Alifua shuka zake na kuzipiga juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Huyo bwana alicheza gofu. Kwa wasioijua, gofu ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa chuma chenye mpini mrefu, mpaka uingie shimoni. Vyuma ni vingi, kila kimoja kina namba yake na kazi yake. Jumapili, baada ya misa, Mukakalisa alimbebea mfuko wa vyuma kwenye nyasi karibu na ziwa.

Bwana Vermeire alikuwa wa kushoto. Marehemu alisema ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu mzima anayetumia mkono huo bila kuomba msamaha. Vyuma vyake vyote vilifuliwa kwa upande huo. Siku moja ya mwaka 1962 alimpa chuma namba saba, akamwambia, jaribu. Mpira ulipaa, ukavuka mti mmoja, ukaanguka kando ya maji. Alinieleza mpira huo mara nyingi sana, na kila mara ulianguka pale pale. Haukuongezeka hata hatua moja. Ndiyo maana niliamini.

Tulifunga ndoa Bukavu, kule Kadutu, Jumamosi tarehe 17 Agosti 1963. Mimi ni wa hapa Mururu, nami nilikuwa mkimbizi kama yeye. Ng'ombe wa kumposea sikuwa nao. Mila yetu inataka pia jembe, isuka, basi nilifua jembe moja, nikalisugua mpaka likang'aa, nikalipeleka kwa baba yake. Mzee aligonga kwa ukucha, akasikiliza. Akasema, "Ng'ombe wangekufa njiani. Hili litalima." Nilifua majembe mengi maishani mwangu. Jembe halina kulia wala kushoto. Anayelishika ndiye anaamua. Naomba mlikumbuke hilo, maana baadaye litanihukumu.

Mungu alitupa watoto watatu, Mukundwa, Protais na Mucyo. Julai 1967 vita vilipofika Bukavu, Bwana Vermeire aliondoka na sanduku moja. Alimwachia Mukakalisa mfuko wa vyuma, akasema, "Tunza, nitarudi." Hakurudi. Marehemu aliutunza mfuko huo miaka ishirini na tisa. Alivipaka vyuma mafuta ya mawese kila mwezi, na jioni, nguo zikiwa kwenye kamba, alipiga mipira miwili mitatu nyuma ya nyumba. Ndani ya mfuko kulikuwa na namba nne, sita, saba, tisa, na kimoja kifupi ambacho uso wake umelala kama paa la bati. Wazungu wanakiita wedji. Kazi yake ni kuchota mpira kutoka karibu, upande juu, ushuke, ukae. Mukakalisa alikiita kasuka, yaani kijembe kidogo. Ndicho alichokipenda.

Septemba 1996 hali ya Bukavu ilikuwa mbaya kwa watu wanaosema Kinyarwanda. Tuliondoka asubuhi, kwa miguu. Kwenye bariyeri ya kwanza, askari waliofunga njia walimtoa Protais mstarini. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Tuliambiwa tuendelee mbele, yeye atafuata.

Darajani askari aliufungua mfuko wa marehemu.

"Mama, hizi ni bunduki?"

"Hapana, chef. Ni vyuma vya kuchezea mpira."

"Mpira ya miguu banapigaka na chuma?"

"Ni mpira kadogo. Ya bazungu."

"Na weye uko muzungu?"

Askari alitoa chuma kimoja kimoja, akapima uzito. Alipofika kwenye kile kifupi, alipitisha kidole kwenye ukingo.

"Hii ni panga."

"Ni kasuka, chef."

"Basi nitalima nayo," akasema, akaiweka kando. Vingine alivirudisha.

Siku hiyo tulimpoteza Protais, tukapoteza nyumba, na kasuka. Mukundwa hakutaka kuandika mambo hayo matatu kwenye mstari mmoja. Nimemwambia andika. Ndivyo yalivyotokea, yote kabla ya saa sita mchana. Tulipofika upande huu marehemu aliketi juu ya jiwe. Hakulia. Nilitafuta neno la kumwambia. Juu ya Protais sikuwa na neno. Nikamwambia, "Kasuka nitakufulia ingine." Akasema, "Ndiyo." Hiyo ndiyo ahadi niliyompa.

Huku Mururu, ndugu yangu alitupa sehemu ya kujenga na malisho yaliyo chini ya nyumba. Nilianza kufua tena. Watu walikuwa wanarudi kila siku na kila mtu alitaka jembe, bawaba, komeo la mlango. Marehemu alifulia watu nguo pale Kamembe. Mwaka 1998 vita vya kule vilianza tena, tukavisikia kutoka hapa usiku na mchana. Mwaka huohuo alifukia makopo manne ya maziwa kwenye malisho, akakata nyasi kwa panga, na mbuzi wakamaliza kazi. Shimo la nne aliliweka ng'ambo ya mfereji. Nilimwuliza juu ya nini, yaani kwa sababu gani, akaliweka pabaya hivyo. Akasema, "Hilo linangoja kasuka." Kwa chuma tisa mpira ulivuka mfereji, lakini uliteleza ukapitiliza mpaka kwenye mihogo ya jirani. Hakuna aliyewahi kuusimamisha pale.

Watu walikuja kutazama, kisha wakaja kucheza. Mnawajua, wamesimama hapa. Mudathiru muuza vitenge wa Kamembe. Joselyne muuguzi. Nabintu wa Bukavu, anayevuka na beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, kila asubuhi, na siku ya Jumamosi anaacha beseni kwangu mlangoni mpaka paka wote wa Mururu wananifahamu. Walitumia vyuma vile vinne kwa zamu. Marehemu aliwafundisha kusimama, kushika, kuzungusha. Mimi nilikaa kwenye tanuri langu, hatua sitini hivi, nikasikia mabishano yao kila Jumamosi.

"Chuma sita njo chuma," Mudathiru alisema, yaani ndiyo yenyewe. "Ingine yote ni batoto yake."

"Sita yako inaruka mbuzi na haifikaki ku shimo," Nabintu alijibu. "Miye nabaki na saba."

"Saba ni ya bamama."

"Basi wende na sita yako, ukaokote mpira mu mihogo. Iko kule tangu Jumamosi ingine."

Joselyne alikuwa na shida ya mpira kukunja njiani. Aliuliza kama ni chuma au ni yeye. Marehemu alimwambia hakuna chuma kinachokunja mpira peke yake. Mudathiru alipiga kwa nguvu sana na mara nyingi alipata udongo.

"Mudathiru," marehemu alimwambia, "unapiga sawa muntu anaua nyoka. Nyoka imekufa zamani. Piga sawa shuka yenye maji. Shuka, ukiipiga na hasira, inakurudilia mu uso. Unaiinua pole, unaiacha ishuke na uzito yake."

"Miye sijafuaka hata leso, Maman."

"Inaonekana."

Ndivyo alivyowafundisha wote, kwa shuka. Nabintu alielewa siku hiyohiyo. Mudathiru alichukua mwaka.

Januari 2000 alipita hapa ingeniyeri Aimable wa Kigali, mhandisi aliyekuja kwa kazi ya nyaya za umeme. Aliwaona kutoka barabarani, akasimamisha gari. Naye alikuwa na mfuko wake. Alitazama jinsi wanavyosimama.

"Samahani, Maman," akasema. "Nyote ni wa kushoto?"

"Wa kushoto namna gani?" Mudathiru aliuliza.

"Mnasimama upande ule."

"Upande gani? Huu njo upande."

Aimable akatoa chuma chake. Nabintu alikipokea, akakigeuza mara mbili, akamwonea huruma.

"Yako imegeuka, ingeniyeri. Balikuuzishia mbovu."

Aimable akacheka, akawaeleza kwamba duniani karibu wote wanapiga upande wake, na vyuma vya kushoto ni vichache, vinatafutwa. Nikaacha mvukuto.

"Maman," Mudathiru akasema, "ulijua?"

"Nilijua."

"Juu ya nini haukusema?"

"Vyuma vilikuwa hivi," marehemu akajibu. Kisha akasema, "Na kwa masista nilikuwa peke yangu. Hapa tuko wanne."

Hakuna aliyemkasirikia. Mudathiru aliazima sita ya Aimable, akasimama kama wanavyosimama duniani. Alikosa mpira mara mbili, mara ya tatu akampata mbuzi. Akairudisha. Alisema mkono wake umeshaapa. Nabintu akamwuliza mbona Waislamu wanakula kwa mkono wa kulia na yeye anapiga kwa kushoto. Akajibu, "Kula ni kula. Huyu mpira sijamukula bado."

Ingeniyeri aliendelea kuja alipokuwa na kazi upande huu. Agosti 2001 aliniachia kasuka yake kwa siku mbili, ili niione na kufua mfano wake kwa marehemu. Nilifurahi. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu darajani. Nilichagua resori ya gari, springi ile ya nyuma, iliyo nzito. Nilichora kasuka ya Aimable kwa chaki sakafuni, pande zote. Nilipima ulalo wa uso kwa kijiti. Nilifua siku mbili. Mpini niliutoa kwenye namba nne, ambayo kichwa chake kilikuwa kimekatika. Niwaambie ukweli, ilikuwa kazi safi. Aimable aliziweka mbili pamoja akasema hajui ipi ni yake.

Jumamosi tarehe 11 Agosti nilimpelekea marehemu mwenyewe, kwenye mfereji, mbele ya wote. Sikuwa na kawaida ya kushuka kule. Aliipokea kwa mikono miwili. Alisimama penye mpira, akaiweka chini, na uso wa chuma ukatazama nyuma, kwenye mlima. Mpira ulikuwa mbele. Shimo lilikuwa mbele. Kasuka ilitazama nyumbani.

Nilikuwa nimefua ya kulia. Mfano ulikuwa wa kulia, nami nilifua mfano. Maisha yangu yote nilifua majembe.

Nabintu aliziba mdomo. Mudathiru alitazama viatu vyake. Marehemu alinitazama, akasema, "Papa Mukundwa, umenifulia ya mukono wa masista."

Kisha alicheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi, na wengine wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka hivyo tangu tuvuke. Mimi sikucheka. Nilirudi kwenye tanuri. Jioni alisema ni kazi nzuri na hataitupa. Aliitundika jikoni, akaitumia kuvuta makaa. Kila nilipoingia kula niliiona.

Nilimwambia nitafua ingine. Akasema, "Kasuka haina haraka." Nilimsikiliza. Kulikuwa na milango ya nyumba za waliorudi, kulikuwa na majembe ya msimu, na pia nilikuwa na aibu. Kila nilipochukua resori mkononi niliona ile ya jikoni. Nikaiweka chini. Mwaka mmoja ukaenda hivyo, na nusu. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Septemba 2002 marehemu alimwonyesha Joselyne uvimbe kwenye titi la kushoto. Joselyne alimpeleka kupimwa siku iliyofuata, na kutoka hapo hospitali ya Butare, njia ya msituni, mara tatu. Mucyo alilipa safari. Walimkata titi mwezi wa Novemba. Tunawashukuru wote waliomhudumia. Mwezi wa Februari mkono wa kushoto ulianza kuvimba, kuanzia bega mpaka vidoleni. Pete haikutoka tena. Aliacha kufua. Jumamosi alishuka bado, akakaa kwenye kigoda, akafundisha kwa mdomo. Joselyne alikuwa akimfunga bandeji ya kukaza mkono, ili uvimbe ushuke. Mara ya kwanza marehemu alitazama kitambaa kile muda mrefu. Akasema, "Huu umefungwa tena." Joselyne hakuelewa. Mimi nilielewa.

Pasaka ya mwaka huu aliniambia, "Ukinifulia sasa, ifanye nyepesi. Nataka mpira mmoja tu. Upande juu, ushuke, ukae."

Nilianza Jumatatu ya Pasaka. Macho yangu si mazuri tena, na chuma chepesi ni kigumu kufua kuliko kizito, kinapoa upesi. Nilivunja viwili. Nilikuwa nikimpelekea kichwa kitandani kila jioni akiguse. Alikigeuza, akakiweka upande wake, akasema, ndiyo, ni huko. Wiki iliyopita kilibaki kusuguliwa na kutiwa mpini. Nilimwambia Jumamosi kitakuwa tayari. Jumamosi hiyo ndiyo leo.

Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2003, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani. Mukundwa alikuwa upande mmoja, mimi upande mwingine. Padri alikuwa amekwisha kumpaka mafuta siku ya Jumanne. Hakusema neno la mwisho. Usiku uliotangulia aliomba maji, akanywa kidogo, akasema yana moshi. Ndilo neno nililonalo.

Sasa kuna jambo la kuwaomba wazee msamaha. Najua kwetu maiti ikiwa ndani, jembe haligusi udongo na nyundo haigongi. Jana Ijumaa nyumba ilijaa akina mama, sikupata pa kuketi. Nilienda kwenye tanuri. Nilisugua kile kichwa. Mpini niliutoa kwenye ile kasuka ya jikoni, nikautia hapa, nikafunga kwa waya na utomvu. Wengine walisikia, wakanyamaza. Asanteni kwa kunyamaza.

Na mfua chuma hatoi jembe kabla halijauma udongo. Baba yangu alinifundisha hivyo, na hakuna jembe langu lililoondoka bila kujaribiwa. Kwa hiyo, saa tano asubuhi, nilishuka kwenye mfereji. Mudathiru, Joselyne na Nabintu walinikuta pale, walikuwa wamekaa kwenye nyasi bila kucheza. Nilimpa Nabintu. Alikataa. Nikamwambia, ni kazi, si mchezo. Akavua viatu. Akaiinua pole, akaiacha ishuke na uzito wake. Mpira ulipanda juu ya mfereji, ukashuka, ukaruka mara moja, ukakaa. Hatua mbili kutoka kwenye kopo. Nabintu aliifuta nyasi kwa kanga yake, akanirudishia kwa mikono miwili. Udongo haukuguswa, wazee. Ziliguswa nyasi tu.

Akina mama waliomwosha marehemu walitaka kumfunga mikono kwa rozari, mmoja juu ya mwingine, kama inavyofanywa. Niliingia nikawaomba wasifanye. Bandeji pia niliitoa mwenyewe. Rozari imezungushwa kwenye mkono wa kulia, ule uliosoma. Wa kushoto umenyooshwa. Kasuka iko pembeni yake, uso wa chuma unatazama miguuni, mbele. Jana jioni nilitazama mara moja. Leo asubuhi, kabla hawajapiga misumari, niliomba wangoje, nikatazama tena.

Mnajua kwamba chombo cha kazi hakizikwi. Mimi mwenyewe nimewakataza wengi. Lakini hiki ni cha kwake, hakimfai mwingine, na nilichelewa nacho miaka saba.

Marehemu ameacha mume, Munyemana. Ameacha watoto, Mukundwa wa hapa Mururu na Mucyo wa Kigali, na wajukuu watano. Ameacha mdogo wake mmoja, Mukamana, aliye Nkungu. Ameacha vyuma vitatu, namba sita, namba saba na namba tisa, ambavyo vinabaki na Nabintu, Mudathiru na Joselyne, wasigombane. Malisho yanabaki kama yalivyo, ndugu yangu amekubali. Protais hatujui tumwandike upande gani, kwa walioachwa au kwa waliotangulia. Marehemu alimwombea kila siku kwa jina lake. Kama ametangulia, wamekwisha kuonana.

Baada ya udongo, karibuni nyumbani mnawe mikono na mnywe kidogo kilichopo.

Mukakalisa, pumzika kwa amani. Mkono wako nimeuacha wazi.